Bangili ya Mkulo

Saa mbili na robo asubuhi ya Alhamisi, Sajini Klara Mntangi alimrudisha Mzee Abdallah Shemahonge karakanani akiwa na pingu mikononi, na jambo la kwanza alilofanya mbele ya wafanyakazi wote lilikuwa kuzifungua.

"Mtuhumiwa wa hujuma hafunguliwi mahali pa tukio," alisema meneja, Ndugu Sefania Singano, ambaye alikuwa amesimama mlangoni kuwapokea. Suti yake ya Chunlai, ya kola iliyosimama, ilikuwa imepigwa pasi vizuri.

"Nataka aitumie mikono yake," Klara alijibu, akazitia pingu mfukoni mwa koti la mvua.

Ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya paa la karakana. Ndani, maseremala zaidi ya thelathini walikuwa wamesimama kando ya mabenchi yao bila kazi, na katikati yao ilikuwepo ile mashine kubwa ya kuchongea, imezungushiwa kamba ya polisi tangu Jumatatu. Sakafu chini yake ilikuwa imeoshwa, lakini damu ilikuwa imeshaingia kwenye saruji na haikutoka yote.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Jumatatu, saa tatu asubuhi, ruta, kifaa cha mkono chenye kisu kinachozunguka, ilichomoka kutoka kwenye mashine ile ikiwa inazunguka, ikamkata Shabani, mwendeshaji wake, vidole viwili vya mkono wa kushoto. Kabla ya adhuhuri meneja alikuwa ameshapeleka barua kituoni. Ilisema kwamba Mzee Abdallah, fundi mkuu, ndiye aliyeifunga ruta hiyo kwenye mashine kwa namna aliyoibuni mwenyewe; kwamba Ijumaa, katika mkutano wa wafanyakazi, alisimama akapinga mpango wa zamu ya pili na kusema mashine itakuja kumla mtu; na kwamba Jumamosi alionekana peke yake karakanani. Polisi walimfuata Bumbuli, alikokwenda mazikoni tangu Jumapili, wakamkamata Jumanne katikati ya matanga. Mkobani mwake walikuta spana na maranda mabichi ya mti wa mkulo.

Mwaka huo wa sabini na saba watoto wa wilaya nzima walikuwa wameandikishwa shule kwa mkupuo mmoja, na karakana ya ushirika ilikuwa imeagizwa madawati mia sita. Kila siku mashine ilipolala, kulikuwa na darasa mahali fulani ambamo watoto waliandikia juu ya magoti. Kwa hiyo neno hujuma halikuwa neno dogo. Mkuu wa kituo alikuwa amempa Klara hadi saa nane mchana: apate maelezo yenye sahihi, kisha mzee apandishwe gari la Tanga.

Tatizo ni kwamba mzee hakutaka kutia sahihi. Kwa siku mbili alilala mahabusu, na mara mbili aliletewa karatasi iliyokwisha kuandikwa, akairudisha kama ilivyo.

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo Klara hakuwa amemwambia mtu. Jumatano alasiri alikwenda wodini kumwona Shabani. Alimkuta amekaa, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko, na alipomsalimu na kumpa pole alimwuliza swali moja tu: Jumatatu asubuhi ilikuwa na tofauti gani na asubuhi nyingine. Shabani alifikiri sana. Alisema ruta ilitoka stoo kama kawaida, akaifunga mwenyewe kwa sababu Mzee hakuwepo. Ilikuwa ruta ile ile ya kijani. Bolti alizikaza hadi zikafika mwisho, zikagoma kabisa, akajua zimekaza. Ila ilipowashwa ililia sauti nyembamba kuliko siku zote, akadhani umeme umepungua.

Klara aliandika neno moja daftarini: mwisho. Bolti zilifika mwisho.

Sasa alisimama kando ya mashine, akamwamkia mzee upya mbele ya watu, "Shikamoo, Mzee," kwa sababu asubuhi ile, ndani ya gari, alimwamkia na mzee akakaa kimya.

Safari hii alijibu. "Marahaba."

"Nataka unionyeshe jinsi unavyoifunga. Toka mwanzo, kama mimi ndiye ninayejifunza kazi."

Mzee alimgeukia. Alikuwa mtu mfupi, mpana wa mabega, ndevu zake nyeupe zimekatwa karibu na kidevu. "Na nikikataa?"

"Nitaandika kwamba umekataa, na saa nane utakuwa njiani kwenda Tanga."

"Basi andika kwanza hili," mzee alisema, na alisema kwa sauti ya kusikika hadi benchi la mwisho. "Niliifunga ruta kwenye mashine hii kwa mikono yangu. Sikutumwa na mtu na wala sikumwomba mtu ruhusa. Sikani. Sasa leteni vifaa."

Meneja alicheka kidogo, akasema huko ni kukiri kwenyewe. Klara aliandika maneno ya mzee kama yalivyosemwa, kisha akaamuru vielelezo viletwe.

Mzee alianza na historia, akisimulia huku akipangusa vumbi. Mashine kubwa ililetwa kutoka ng'ambo miaka mitatu nyuma. Ilikuwa na meza ya chuma inayokwenda mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini, kwa kuzungusha magurudumu matatu. Na juu ya meza, kwenye nguzo, kilikuwepo kichwa chenye mota na kisu cha kuchimbia mifuo, ile mitaro ya kuungia mbao. Kichwa kiliungua mwezi wa pili. Barua za kuagiza kingine zilikwenda, majibu yakarudi ya kuomba subira, na meza ile nzuri ikageuka mahali pa kuwekea birika la chai. Maseremala wakarudi kuchimba mifuo kwa patasi, madawati manne kwa siku.

Ndipo mzee alipoitazama ruta. Ilikuwa mashine ya mkono, yenye mota mviringo juu na kisu kinachozunguka chini. Fundi huishika kwa mikono miwili na kuisukuma juu ya ubao. Kisu chake kilizunguka kwa kasi ambayo hata kile kichwa kilichoungua hakikuwa nayo, lakini mkono wa mtu hutetemeka. Mzee alijiuliza kwa nini mkono uhangaike wakati meza ya kusogeza kazi ipo. Alikata bamba la chuma kutoka springi ya lori lililokufa, akalitoboa na kulifunga kwenye nguzo, mahali pa kichwa cha zamani. Kisha akachonga bangili ya mkulo, nene kama kiganja, akaipasua katikati na kuitia bawaba upande mmoja na bolti mbili upande wa pili, ikawa inafunguka na kufunga kama taya. Ndani aliigandishia mpira wa tyubu ya baiskeli ili uishike ruta bila kuikwaruza. Kuhakikisha imesimama wima, alifunga msumari uliopinda mahali pa kisu, akauzungusha kwa mkono taratibu, ncha yake ikagusa meza sawasawa pande zote nne.

"Madawati ishirini na matano kwa siku," alisema. "Miezi saba. Hakuna hata ukucha uliokatika."

"Mpaka ulipoikwangua bangili ndani ili ilegee," meneja alisema. "Yale maranda ya mkulo kwenye mkoba wako yalitoka wapi?"

"Kwenye mkulo. Kila siku nashika mkulo. Ungekuta unga wa mchele ndiyo ungeuliza."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamaza meneja alipogeuka.

Klara alimwuliza mzee Jumamosi alifuata nini. Mzee alijibu kwamba alikuja kunoa patasi zake, kama alivyofanya kila Jumamosi kwa miaka kumi na moja, na kwamba ruta wakati huo ilikuwa stoo, imefungiwa, na ufunguo wa stoo ulikuwa mmoja tu.

"Nani anao?"

Mzee alimtazama meneja tu, na maseremala wote wakamtazama meneja.

"Endelea na kazi," Klara alisema.

Mzee alifunga bamba kwenye nguzo, akaweka skwea ya kupimia pembe mezani na kulipima pande mbili. Akaifungua bangili, akainyanyua ruta kutoka kwenye gunia la vielelezo. Hapo akasita. Aliipima uzito mikononi, akaigeuza, akainusa. Aliiweka ndani ya bangili, akafumba taya, akachukua spana na kukaza bolti ya juu, kisha ya chini, kisha ya juu tena.

Klara alikuwa ameinama, macho yake usawa wa bangili. Aliona taya mbili zikikaribiana, upenyo kati yake ukipungua hadi kama unene wa njiti ya kiberiti, hadi kama karatasi, halafu zikagusana. Bolti ziligoma. Zilikuwa zimefika mwisho, kama Shabani alivyosema.

Mzee aliipiga ruta kwa kiganja, pigo jepesi tu. Ikateleza chini kiasi cha kidole kimoja.



"Zikikaza vizuri, taya zinabaki mbali kiasi gani?" Klara aliuliza.

"Kidole changu cha shahada kinapita." Sauti ya mzee ilikuwa imebadilika, ilikuwa sauti ya mtu aliyetukanwa. "Sajini, hii si ruta yangu. Rangi ni ya kijani, aina ni ile ile, lakini hii ni nyembamba. Na bado inanuka rangi."

"Bila shaka atasema hivyo," meneja alisema haraka. "Nimeshawaambia. Ameikwangua bangili, ikapanuka. Ruta ni ile ile."

Hoja hiyo Klara aliiona ina uzito, akakubali waziwazi kwamba ina uzito. Bangili pana na ruta nyembamba hutoa upenyo ule ule. Aliomba bangili ifunguliwe, akaipeleka dirishani kwenye mwanga.

Kama mzee angeikwangua mbao Jumamosi, angelazimika kwanza kuubandua mpira, kisha kuubandika upya. Klara aliupitisha ukucha wake kwenye kingo. Gundi ilikuwa kavu, nyeusi, imeshika vumbi la miezi. Haikuguswa. Akaendelea kuutazama mpira wenyewe, akiugeuzageuza, na hapo, upande wa kulia, aliona kitu ambacho macho ya haraka yangekipita: alama ya mstatili, kama kibati kidogo kilikuwa kimebanwa hapo kwa muda mrefu, na ndani ya mstatili vishimo vidogo.

Alimwita Rahabu, mama aliyekuwa akipaka vanishi, akamwomba kitambaa na masizi ya kibatari. Akaupaka mpira masizi kwa wepesi, akachukua ukurasa mweupe wa daftari na kuubonyeza juu yake kwa kidole gumba. Alipouinua, ukurasa ulikuwa mweusi na katikati yake zilisimama tarakimu nyeupe, zinazosomeka bila shida: 7036.

"Ruta iliyoishi ndani ya bangili hii miezi saba ilikuwa na kibati cha namba upande huu, tarakimu zimeinuka," Klara alisema. Alimwonyesha kila aliyetaka kuona, kuanzia kwa meneja. Kisha akaigeuza ruta iliyokuwa mezani. Upande huo ulikuwa laini, hauna kibati wala matundu ya kushikia kibati. "Na hii ndiyo iliyomkata Shabani. Mzee hakuilegeza bangili. Kuna mtu aliyebadilisha ruta."

Meneja alisema anakwenda kupiga simu. Haukupita muda akarudi kumwita Klara ofisini, akamkabidhi mkono wa simu bila kumtazama.

Mkuu wa kituo hakuwa mtu mkali, alikuwa mtu wa haraka. Alisema ameambiwa kwamba Sajini anafanya maonyesho ya useremala mbele ya wafanyakazi na kumvunjia heshima kiongozi wa ushirika. Alimtaka amrudishe mzee kituoni mara moja.

"Siwezi, Afande," Klara alisema.

"Hebu rudia."

"Siwezi kumrudisha. Ninacho kielelezo kwamba mashine ilibadilishwa, na sijui ile nyingine iko wapi. Nikiondoka hapa sasa, haitaonekana tena."

"Nilikupa hadi saa nane."

"Sasa ni saa nne na nusu, Afande."

Mkuu alimkumbusha kwamba vyeo kama vilivyopandishwa ndivyo hushushwa. Klara alisema amesikia, akaweka simu.

Alipotoka, meneja alikuwa ameshatangulia karakanani, akiwaambia wafanyakazi warudi kazini na kwamba atakayeonekana akipiga soga ataandikwa. Hakuna aliyeshika zana. Walisimama tu, kila mtu kwenye benchi lake, na walipotazamwa waliendelea kusimama.

Ni Rahabu aliyesogea mbele, kopo la vanishi bado mkononi. Alikuwa mjane wa makamo, na ajira yake ilikuwa ya kandarasi ya miezi mitatu mitatu ambayo meneja ndiye aliyeitia sahihi.

"Sajini, mimi nina la kusema na nataka uliandike na jina langu," alisema. "Jumamosi jioni nilikuwa naanua mbao uani. Pikapu ya ushirika ilipakia mbao za mkulo na kisanduku cha ruta. Nakifahamu kile kisanduku, mimi ndiye niliyekipaka vanishi. Ilikwenda Kwai, kwa shemeji yake meneja. Kule kuna karakana nyingine. Wanatengeneza makabati ya kuuza. Wengi hapa tunajua. Tulinyamaza."

"Rahabu," meneja alisema, "fikiri vizuri."

"Nimefikiri tangu Jumatatu. Shabani ana watoto wanne."

Azimio la chama lilikuwa limeshakata neno zamani kuhusu kiongozi mwenye biashara yake pembeni, na hakukuwa na mtu ndani ya karakana ile asiyejua. Klara alimwacha konstebo aliyekuja naye mlangoni na agizo kwamba meneja asitoke na simu isiguswe. Kisha akampakia mzee kwenye Landrova, kiti cha mbele kando ya dereva wa polisi, pamoja na bangili.

Barabara ya Kwai ilikuwa tope tupu, na mara mbili walishuka kuweka mawe chini ya magurudumu. Mzee alisukuma gari pamoja na Klara. Njiani alisema jambo moja tu: mazikoni Bumbuli alikuwa anamzika dada yake, na polisi walimchukua kabla hajamaliza kuwapokea waliokuja kumpa pole.

Walifika karibu saa sita. Nyuma ya nyumba mpya isiyo na madirisha palikuwa na banda la mabati, na ndani yake mtu anayeitwa Nikodemo, shemeji wa meneja, alikuwa anapuliza vumbi kutoka kwenye mlango wa kabati. Ruta ya kijani ilikuwa juu ya benchi mbele yake. Hakukimbia. Alisalimia, akamwuliza Sajini kama anahitaji kabati.

Klara aliinua ruta, akaigeuza. Kibati kilikuwepo: 7036. Alimpa mzee. Mzee aliifunga ndani ya bangili hapo hapo juu ya benchi, akakaza bolti, na taya zilipogoma bado zilikuwa mbali. Akapitisha kidole cha shahada katikati yake, akakiacha hapo ili Sajini aone, na Nikodemo aone.

Nikodemo alieleza yote bila kubanwa sana. Ruta yake ya zamani ilikuwa imechoka. Shemeji alimwambia ya ushirika inafaa kazi ya makabati, na kwamba ile nyembamba itatosha kwa madawati ya watoto. Ile nyembamba waliipaka rangi ya kijani Jumamosi usiku, shemeji akaiweka stoo. Alidhani ruta ni ruta tu. Habari za vidole alizisikia Jumanne, na tangu siku hiyo, alisema, hajala vizuri.

"Lakini umeendelea kuitumia," mzee alisema.



Saa nane kasorobo walikuwa wamerudi. Gari la mkuu wa kituo lilikuwa limesimama nje ya karakana, na mkuu mwenyewe alikuwa ofisini na meneja, mlango umefungwa. Walipofungua, mambo yalikuwa yameshapangwa. Mkuu aliitazama ruta mezani, akatazama karatasi ya masizi, akasikiliza maelezo ya Klara hadi mwisho. Kisha akamgeukia mzee na kumwambia kwa upole kwamba yuko huru, aende nyumbani akapumzike. Suala la ruta litashughulikiwa na kamati ya ushirika, ndani kwa ndani. Hakuna haja ya kesi, wala ya kuuchafua ushirika mbele ya watu.

Mzee alivuta kiti, akakaa.

"Mimi siendi," alisema. "Nilifungwa pingu kwenye matanga ya dada yangu. Niliandikiwa hujuma. Shabani hana vidole. Mkinitoa hapa leo, nitolewe na pingu tena, na safari hii muandike sababu ni kwamba nilikataa kuondoka."

Nje, maseremala walikuwa wamesogea karibu na dirisha. Hakuna aliyerudi nyuma mkuu alipowatazama.

Klara alitoa jalada jipya kwenye mkoba. Alilifungua juu ya meza ya meneja, akasogeza birika pembeni kupata nafasi, akaandika tarehe na mahali. Kwenye nafasi ya shahidi wa kwanza aliandika Rahabu. Ya pili, Abdallah Shemahonge, fundi. Ya tatu, Shabani.

"Sajini," mkuu alisema, "una hakika na unachokiandika?"

"Nina hakika, Afande. Ukitaka nisiandike, niamuru kwa maandishi, nitaiambatisha amri humu humu."

Mkuu hakuomba kalamu. Alivaa kofia yake na kwenda kusimama mlangoni, akiwapa mgongo.

Klara alishusha mkono wake hadi kwenye mstari wa mshitakiwa. Meneja, aliyekaa mbele yake, Klara alikuwa anamfahamu tangu alipohamia wilayani; walikuwa wakisalimiana kila Jumapili.

"Jina lako kamili, ndugu," alisema.